Goli la Iringa

Tunakutana Makambako, penye njia panda,
kila Desemba, kama hakuna msiba wala mahafali.
Upepo unagonga mabati ya hoteli ya Mama Mligo,
chai ya maziwa, viazi vya kukaanga,
na haupiti muda kabla mmoja hajasema,
"Jamani, siku ile Iringa."

Hakuna anayeuliza siku ipi.

Lusajo ndiye huanza, kwa sababu ya sauti yake.
Anaanza mbali, anaanza na sufuria:
jezi nyeupe tulizichovya kijani jikoni mwa chuo,
mpishi akanuna, na ugali wa juma lile
ukawa na rangi ya majani ya chai.
Tulitoka Tukuyu juu ya lori la viazi,
wachezaji kumi na watatu, mashabiki kumi na tisa,
ngoma iliyopasuka upande mmoja
na tarumbeta ya kanisa tuliyoiazima bila mwenyewe kujua.
Igawa tulishuka kusukuma.
Hapa hapa Makambako tulishuka kusukuma.
Nyororo baridi ilitukamata, tukajichimbia kati ya magunia
tukalala kama viazi wenzetu.

Wao walikuwa na basi lenye mapazia.
"Walikuwa na daktari!" anasema Anyelwisye,
na kila mwaka daktari yule huongezewa kitu:
mwaka jana koti jeupe, mwaka huu msaidizi.
Kipa wao alivaa glavu.
Wetu, Tweve, alitema mate viganjani,
akasema viganja hivi vimepasua magogo Makete.

Mvua ikaja kipindi cha pili.
Rangi ikaanza kuchuruzika, ikashuka mapajani, ikaingia sokisi,
uwanja mzima ukacheka: "Wanayeyuka! Wanayeyuka!"
Tulikuwa bila kwa bila. Hilo hawakulicheka.
Walipiga mwamba mara tatu,
mara nne kwa Bupe, ambaye sasa ni mkaguzi wa shule
na hesabu zake haziguswi.

Halafu goli.
Dakika ya themanini na sita. Themanini na nane.
Kona ya Gwamaka, mpira mzito kama gunia lililolowa,
ukamkuta Ambakisye, yule mfupi, aliyeletwa kujaza idadi.
Kwa mguu. Kwa kichwa. Kwa mgongo, anasema Lusajo,
na hapo vikombe husogezwa, meza huwa uwanja,
bakuli la sukari ndilo kipa, chupa ya pilipili ndiye Ambakisye.

Hili sijawahi kuwaambia.
Mimi sikuliona.
Nilikuwa nje ya ukuta, na dereva,
aliyeapa saa kumi na moja kamili anarudi Tukuyu,
na sisi au bila sisi.
Nilimshika shati. Nilimwahidi kuku.
Nilimwahidi dada yangu, Mungu anisamehe.
Na nikiwa bado naahidi,
nikausikia ukimya.
Watu elfu tatu wakanyamaza kwa mpigo,
kama redio iliyoishiwa betri,
hata mvua ikaanza kusikika juu ya mabati,
na huko ndani, mbali, upande wa vyoo tulikopangiwa kukaa,
sauti kumi na nane
na tarumbeta iliyokosea noti zote.

Dereva akanitazama. Akautia ufunguo mfukoni.
"Mmefunga nyie?" akauliza. "Nyie?"
Tukakumbatiana, mimi na mtu niliyetaka kumpiga.

Ambakisye tulimzika Rungwe, mwaka wa saba huu.
Tulikaa naye miaka yote ile,
hakuna aliyekumbuka kumuuliza.

"Wewe ulikuwa nyuma ya goli,"
Bupe hunigeukia, chai ikiwa imeshapoa,
"sema wewe: mguu au kichwa?"
Nje basi la Songea linapiga honi.
Lusajo ameshika kofia yake kwa mikono miwili.
Nachukua chupa ya pilipili,
naisogeza polepole hadi kwenye sukari.
"Kichwa," nasema.

Mwaka jana nilisema mgongo.
Walishangilia vilevile.